Kwa Nini Ni Vigumu Sana Kuanguka Ndani ya Jua

Katika hadithi za anga, Jua limekuwa jalala. Adui akishindwa, anasukumwa huko. Taka za sumu zikikosa pa kutupwa, zinapakiwa kwenye roketi na kutumwa huko huko. Nahodha aliyekata tamaa anaelekeza pua ya chombo kwenye ule mwanga, anazima injini na kungoja. Ukisoma haraka huoni tatizo: Jua ni kubwa, uvutano wake unatisha, basi ukijiachia tu litakumeza.

Mambo yako kinyume kabisa. Kwa roketi inayoondoka duniani, kutoka nje ya mfumo mzima wa Jua na kupotelea kati ya nyota ni kazi nyepesi kuliko kulifikia Jua. Na pengo si dogo. Tukipima kwa kile ambacho roketi inakijali, yaani ni kiasi gani cha mwendo inachopaswa kuongeza au kupunguza, safari ya kwenda kwenye Jua inadai zaidi ya mara mbili ya safari ya kwenda kwenye nyota.

Mimi ni mpenzi wa vyote viwili, hadithi za kubuni za sayansi na sayansi yenyewe ya anga za juu. Wapo wanaodhani ukishajua fizikia utamu wa hadithi unaisha, ukabaki mtu wa kutafuta makosa huku wenzako wakifurahia filamu. Makosa ninayaona, sikatai, na wakati mwingine nashindwa kunyamaza. Lakini fumbo kama hili la Jua linanisisimua kuliko vita vya vyombo vya anga vilivyopata kuandikwa, na ukilifumbua unapata ufunguo wa karibu kila kitu ambacho filamu hukosea kuhusu kusafiri huko juu.

Kuelea si kukosa uvutano

Muulize mtu kwa nini wanaanga wanaelea ndani ya Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Jibu linakuja upesi: kule juu hakuna uvutano. Kumbe kituo hicho kiko kilomita 400 hivi tu kutoka ardhini. Nguvu ya uvutano hupungua kwa mraba wa umbali kutoka katikati ya Dunia, na kutoka katikati hadi hapa tulipo usoni tayari ni kilomita 6,371. Ukiongeza 400 juu ya 6,371, hujaongeza kitu cha maana. Hesabu inatoa karibu asilimia 89 ya uvutano tulio nao chini.

Tuseme kuna mnara wa urefu wa kilomita 400 na mtu amesimama kileleni. Angesimama vizuri tu, miguu ikiwa imekanyaga sakafu. Aliyekuwa na kilo 70 mizani ingemsomea 62 hivi. Kisha angeona kituo cha anga kikimpita mbele ya macho kwa mwendo wa karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, watu wa ndani wakielea na vijiko vyao. Yeye na wao wako kimo kimoja, wanavutwa na nguvu ile ile. Kinachowatofautisha ni kwamba yeye ameshikiliwa na mnara, na wao wanaanguka.

Ndiyo, wanaanguka, mchana na usiku. Isaac Newton alilieleza hili karne tatu zilizopita kwa mzinga wa kufikirika uliowekwa juu ya mlima mrefu kupita hewa yote. Piga tufe polepole, litaanguka karibu. Piga kwa nguvu zaidi, litaanguka mbali. Sasa tazama tarakimu. Kitu chochote kikiachiwa karibu na uso wa Dunia huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Uso wa Dunia nao, kwa kuwa ni wa mviringo, hupinda kwenda chini mita hizo hizo 4.9 kwa kila kilomita 7.9 unazokwenda mbele. Kwa hiyo tufe likienda kilomita 7.9 kwa sekunde, kila sekunde linaanguka mita 4.9 na kila sekunde ardhi inalikwepa mita 4.9. Linaanguka siku zote na halifiki chini. Hiyo ndiyo obiti. Hakuna kinacholishikilia, wala hakuna injini inayonguruma kulizuia.

Jules Verne, ambaye bila yeye huenda tusingekuwa na hadithi hizi, aliliona jambo hili nusu nusu. Katika riwaya yake ya mwaka 1865 aliwarusha watu kuelekea Mwezini kwa mzinga mkubwa, na katika mwendelezo wake abiria wanaelea kwa muda mfupi tu, pale uvutano wa Dunia na wa Mwezi unapolingana. Sehemu nyingine zote za safari wanasimama kwenye sakafu kama vile wako sebuleni. Hali halisi ingekuwa tofauti: wangeelea tangu risasi yao ilipotoka kwenye hewa, kwa sababu tangu hapo wao na chombo chao wanaanguka pamoja, kwa kasi moja, na hakuna anayemkandamiza mwenzake. Tena wangekuwa maiti. Kupata mwendo wa karibu kilomita 11 kwa sekunde ndani ya mtutu usiozidi mita 274 kunamkandamiza abiria kwa nguvu inayozidi uzito wake mara 20,000, na zile kinga za maji alizowawekea mwandishi zisingewafaa kitu. Hata hivyo hesabu yake ya mwendo unaohitajika ilikuwa nzuri, na waliomsoma wakiwa vijana ndio waliokuja kuijenga njia ya kweli. Huyo ni mwandishi aliyekosea kwa faida.

Ukimfukuza aliye mbele, unabaki nyuma

Tarehe 3 Juni 1965, Wamarekani wawili, James McDivitt na Ed White, walikuwa ndani ya chombo cha Gemini 4, na karibu yao lilikuwa likielea ganda tupu la roketi iliyowafikisha angani. McDivitt alipewa kazi iliyoonekana ndogo: kukisogelea kipande kile na kukaa nacho sambamba. Alikuwa rubani mzoefu wa ndege za kivita. Akafanya ambacho rubani yeyote angefanya: akaelekeza pua ya chombo kwenye shabaha na kuwasha injini ndogo. Shabaha ikasogea mbali. Akawasha tena, ikazidi kwenda. Kila alipoifuata ilimkimbia, na geji ya fueli ikawa inashuka, mpaka wakaamua kuiacha na kubakiza kilichobaki kwa kazi nyingine. Katika safari hiyo hiyo White alitoka nje ya chombo, akawa Mmarekani wa kwanza kutembea angani, na picha zake ndizo watu wanazozikumbuka. Mimi hukumbuka zaidi lile ganda tupu la roketi.

Nini kilitokea? Katika obiti, kimo na mwendo ni pacha wasiotenganishwa. Aliye chini anavutwa kwa nguvu zaidi, hivyo lazima aende mbio zaidi ili asianguke kabisa, na njia yake ya kuizunguka Dunia ni fupi. Aliye juu anakwenda polepole na njia yake ni ndefu. Kwenye kimo cha kilomita 300 mwendo ni takriban kilomita 7.73 kwa sekunde, kwenye kilomita 400 ni 7.67. Sasa wewe uko nyuma ya shabaha, kwenye obiti moja nayo, unawasha injini ili uongeze mwendo. Ongezeko hilo linakupandisha. Ukishapanda, unapunguza kasi na mzunguko wako unakuwa mrefu. Ukirudi pale ulipoanzia, shabaha imeshapita zamani. Umekanyaga mafuta ukachelewa.

Dawa yake inakera akili ya kawaida: funga breki. Ukirusha gesi kwa mbele, unapoteza mwendo, unashuka, na ukishashuka unakwenda mbio kuliko shabaha. Unaipita kwa chini, ukiikaribia unajipandisha tena taratibu hadi mkutane. Yupo mtu aliyekuwa amekwisha kulisomea jambo hili kwa kina: Buzz Aldrin, ambaye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1963 katika chuo cha MIT ilihusu jinsi vyombo viwili vyenye watu vinavyoweza kukutana katika obiti. Novemba 1966 alirushwa na Gemini 12, na rada ya kukutania ilipogoma, akakamilisha kazi kwa kupima pembe na kusoma chati zake. Mwaka mmoja kabla, Desemba 1965, Gemini 6A na Gemini 7 zilikuwa tayari zimekutana na kukaribiana hadi umbali wa chini ya mita moja. Waliojifunza somo la McDivitt walilijifunza haraka.

Ndiyo maana kila nikiona kwenye filamu vyombo viwili vikifukuzana kuizunguka sayari, kimoja kimeelekeza pua nyuma ya kingine, injini zikiwaka moto muda wote, najua mchoraji alikuwa akitazama ndege. Ndege hushikiliwa na hewa, ndiyo maana ikigeuka hulala ubavu. Hewa ikikosekana hakuna cha kulalia, na kugeuza pua hakubadilishi unakokwenda. Chombo kinaweza kuzunguka kikatazama kilikotoka, kikaendelea kwenda kule kule kwa mwendo ule ule, kinyumenyume.

Sasa Jua

Hapa kila kitu kinajileta chenyewe. Dunia yetu iko katika obiti ya Jua, nayo inaanguka bila kufika, kwa mwendo wa karibu kilomita 30 kwa sekunde. Kila kitu kilichomo duniani kina mwendo huo: wewe, meza yako, roketi iliyosimama kwenye mnara wake. Roketi inayojinasua kutoka kwenye uvutano wa Dunia haiachi mwendo huo nyuma. Inakuwa kitu huru kinachoizunguka njia ile ile ya Dunia, kwa kilomita zile zile 30.

Ukielekeza pua kwenye Jua na kuwasha injini kidogo, hulikaribii. Unaichonga obiti yako kidogo tu, ikawa yai badala ya duara, na mwaka mmoja hivi baadaye unajikuta umerudi ulikoanzia. Ili uanguke kweli kweli, itabidi uue ule mwendo wa pembeni, karibu wote. Hesabu inataka upunguze kama kilomita 27 kwa sekunde ndipo njia yako iguse uso wa Jua. Kwa upande mwingine, ili ulikimbie Jua milele kutoka hapa tulipo unahitaji mwendo wa kilomita 42 kwa sekunde, na 30 umeshapewa bure. Unadaiwa 12 tu. Hiyo ndiyo tofauti niliyoitaja mwanzoni, na haitokani na ukubwa wa Jua wala umbali wake. Inatokana na mwendo tuliozaliwa nao.

Kwa hiyo yule adui aliyesukumwa kuelekea kwenye Jua atapiga mzunguko wake na kurudi. Mwandishi mwenye akili angepata hadithi nyingine nzima hapo.

Chombo cha NASA kinachoitwa Parker Solar Probe kilirushwa tarehe 12 Agosti 2018 kwenda kuligusa tabaka la nje la Jua. Kina uzito usiofika tani moja, lakini kilibebwa na Delta IV Heavy, mojawapo ya roketi zenye nguvu zaidi zilizokuwapo wakati huo, na bado haikutosha. Ilibidi kipite karibu na sayari ya Zuhura mara saba katika muda wa miaka sita, kila mara kikiiachia kidogo cha mwendo wake. Tarehe 24 Desemba 2024 kilifika kilomita milioni 6.1 kutoka usoni mwa Jua, kikienda kwa karibu kilomita 692,000 kwa saa, kasi ambayo hakuna kitu kingine kilichotengenezwa na binadamu kimewahi kuifikia. Usichanganyikiwe: kilipunguza mwendo mbali na Jua ili kiweze kushuka, na kushuka ndiko kulikompa kasi hiyo. Ni mchezo ule ule wa Gemini, kwa kipimo cha mfumo wa Jua.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda zaidi kwa ukaidi wake. Ukitaka kwenda kwenye Jua kwa bei nafuu, kwanza nenda Mshtarii, upande mwingine kabisa. Huko mbali vitu huzunguka Jua kwa mwendo mdogo, na Mshtarii yenyewe inaweza kukupokonya mwendo uliobaki ukaanguka moja kwa moja. Chombo cha Ulysses, kilichoondoka mwaka 1990, kilipelekwa Mshtarii kwanza ili mwaka 1992 sayari hiyo ikikunje njia kipite juu ya ncha za Jua, sehemu ambazo hakuna roketi ingeweza kukifikisha moja kwa moja kutoka duniani.

Mpagazi anayekula mzigo

Labda umeshajiuliza: hizo kilomita 27 kwa sekunde si tujenge tu roketi kubwa zaidi? Swali hili lilijibiwa mwaka 1903 na Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule katika mji wa Kaluga nchini Urusi, ambaye ugonjwa wa utotoni ulimwachia masikio mazito na ambaye alianza kuota safari za anga kwa kumsoma Verne. Naye aliandika hadithi za sayansi. Sijui kama kuna mfano bora wa viwili hivi kulishana.

Tatizo la roketi ni la msafara wa miguu unaovuka jangwa bila duka njiani. Mpagazi anabeba chakula, lakini anakula anachobeba. Ukitaka kwenda mbali maradufu, unaongeza wapagazi wa kubeba chakula cha wale wa kwanza, na hao wapya nao wanakula. Roketi hubeba fueli, na sehemu kubwa ya fueli hiyo kazi yake ni kuinua fueli nyingine.

Tsiolkovsky aliliweka hili katika fomula moja. Kinachoamua ni mambo mawili tu: gesi inatoka kwenye injini kwa kasi gani, na uzito wa roketi ikiwa imejaa ni mara ngapi ya uzito wake ikiwa tupu. Injini nzuri zinazochoma haidrojeni kwa oksijeni hutema gesi kwa kama kilomita 4.4 kwa sekunde. Kufika katika obiti ya chini, ukihesabu na hasara ya kupambana na hewa na uvutano, kunahitaji karibu kilomita 9.4. Fomula inasema roketi iliyojaa lazima iwe nzito mara 8.5 kuliko ikiwa tupu, maana yake asilimia 88 ya kile kinachosimama pale uwanjani ni fueli. Sasa ukitaka maradufu ya mwendo huo, uwiano hauzidishwi kwa mbili. Unazidishwa kwa wenyewe: 8.5 mara 8.5, unapata 72. Mara tatu ya mwendo, unavuka 600. Hapo ndipo ndoto ya roketi kubwa zaidi inapovunjika shingo.

Saturn V, iliyowapeleka watu Mwezini, ilikuwa na urefu wa mita 110 na uzito wa karibu tani 2,900. Kilichorudi nyumbani kikiwa na wanaanga ni kijumba cha umbo la pia, tani tano hivi. Vingine vyote viliteketea, vilianguka baharini au vilibaki huko. Ndiyo maana roketi hukatwa vipande vipande njiani: tangi likiisha linatupwa, kwa sababu kubeba tangi tupu ni anasa. Na ndiyo maana kila mita ya bure inapokelewa kwa mikono miwili. Kwenye ikweta, Dunia inazunguka kwa mita 465 kwa sekunde, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapewa zawadi hiyo. Kituo cha Kourou huko Guyana ya Ufaransa kimewekwa pale kwa sababu hiyo, na ndivyo lilivyokuwa pia jukwaa la San Marco lililosimamishwa baharini karibu na Malindi, ambapo tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani.

Kuiba mwendo kwa sayari ndiyo njia nyingine ya kumkwepa Tsiolkovsky, na inastahili maelezo kwa sababu hadithi huipenda na kuiharibu. Utasikia kwamba chombo "kilirushwa kwa uvutano wa Mshtarii", kana kwamba uvutano ni injini. Ukiwa umesimama Mshtarii, ungeona chombo kinakuja, kinaongeza kasi kikikaribia, kinapinda, kisha kinapoteza kasi ile ile kikiondoka. Kimetoka na kile kile kilichoingia nacho. Ila Mshtarii yenyewe inakwenda, karibu kilomita 13 kwa sekunde kulizunguka Jua. Chombo kikipita nyuma yake, kinapindwa kuelekea upande ambao sayari inakwenda, na kikitazamwa kutoka kwenye Jua kimeongezewa sehemu ya mwendo wa sayari. Kikipita mbele yake, kimepokonywa. Mshtarii nayo inalipa deni hilo, inapungua mwendo kwa kiasi ambacho hakuna chombo cha kukipima. Abiria, kama wangekuwemo, wasingehisi lolote. Wanaanguka tu, kama kawaida, vijiko vikielea. Ile picha ya mashujaa waliobanwa kwenye viti huku mashavu yakitetemeka ni ya uongo mtupu.

Katikati ya miaka ya 1960 Gary Flandro, akifanya kazi katika maabara ya JPL huko California, aliona kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 sayari nne za nje zingejipanga kwa namna inayotokea mara moja kila miaka 175 hivi, na chombo kimoja kingeweza kurushiana nazo zote. Voyager 2 iliondoka Agosti 1977, ikaipita Mshtarii mwaka 1979, Zohali 1981, Uranus 1986 na Neptuni 1989. Hakuna chombo kingine kilichokwenda Uranus au Neptuni tangu hapo.

Kuhusu Mirihi nitasema machache. Njia ya bei nafuu ilichorwa na mhandisi Mjerumani Walter Hohmann mwaka 1925: nusu ya yai inayogusa obiti ya Dunia upande mmoja na ya Mirihi upande wa pili, miezi minane na nusu hivi. Lakini ni lazima Mirihi iwe imefika pale utakapofika, na mpangilio huo hurudi kila baada ya miezi 26. Ndiyo maana Julai 2020 Umoja wa Falme za Kiarabu, China na Marekani walirusha vyombo vyao ndani ya wiki mbili. Hawakuwa wakishindana siku. Mlango ulikuwa wazi kwa wote kwa muda ule ule, na ukifungwa unangoja zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo hadithi ambayo mtu anaamka asubuhi akaamua kwenda Mirihi inanipa shida tangu ukurasa wa kwanza.

Uongo mmoja unaruhusiwa

Nyota je? Voyager 1 inakwenda karibu kilomita 17 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, umbali wa kufika Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi zaidi baada ya Jua, miaka ya nuru 4.24 (yaani mwanga huusafiri kwa miaka 4.24), ungechukua zaidi ya miaka 70,000. Tukisema basi tuende kwa sehemu moja ya kumi ya kasi ya mwanga, kwa injini ile ile ya haidrojeni, fomula ya Tsiolkovsky inadai uwiano wa uzito ambao ni tarakimu yenye sifuri zaidi ya 2,900. Atomi za ulimwengu wote tunaoweza kuuona zinakadiriwa kwa tarakimu yenye sifuri 80 hivi. Kwa roketi za kuchoma fueli, mlango huo umefungwa, na hata mapinduzi ya uhandisi hayatausukuma.

Zipo injini nyingine. Chombo cha Dawn kilitumia injini ya ioni, inayotema chembe zenye chaji ya umeme kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde, mara saba hivi ya gesi ya moto. Lakini msukumo wake ulikuwa mdogo kama uzito wa karatasi moja iliyolala kiganjani. Kutoka kusimama hadi mwendo wa gari barabarani ingeichukua siku nne. Ila ilisukuma, na kusukuma, kwa miaka, na Dawn ikawa ya kwanza kuingia katika obiti za magimba mawili tofauti nje ya Dunia na Mwezi, Vesta mwaka 2011 na Ceres mwaka 2015. Hakuna filamu iliyokuwa na subira ya kuonyesha injini kama hiyo, na ninaelewa kwa nini.

Kwa sababu hiyo, mwandishi wa hadithi za anga namruhusu uongo mmoja: injini yenye nguvu isiyoelezeka. Mpe injini inayoweza kusukuma bila kukoma kwa kiasi kinachowafanya abiria wahisi uzito wao wa kawaida wa duniani, na Mirihi ikiwa kwenye ukaribu wake wa wastani, kilomita milioni 78 hivi, utafika kwa siku mbili na kidogo. Obiti zinakuwa hazina maana tena, unakwenda karibu mstari ulionyooka, na sakafu iko upande wa injini, kwa hiyo chombo kinajengwa kama ghorofa, si kama ndege. Lakini katikati ya safari hiyo utakuwa unakwenda kilomita zaidi ya 870 kwa sekunde, na hewa ya kukupunguza haipo. Saa 24 na ushee baada ya kuondoka, injini inazimwa, kila kitu kinaelea kwa dakika chache, chombo kinageuzwa kichwa chini miguu juu, kisha injini inawashwa tena hadi mwisho wa safari. Mashujaa wanawasili wametanguliza makalio.

Waandishi wanaolijua hili wapo, na wanatambulika upesi. Hadithi mpya ikinifikia mkononi huwa naitafuta kwanza ile sura ambayo chombo kinakaribia kufika, niangalie injini inawaka upande gani. Ikiwa inawaka mbele, naanza kusoma ukurasa wa kwanza.